Waliobaki Kwenye Udongo wa Mrututu

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Ilikuwa asubuhi ya baridi kule kwetu Bombo, Upare, ukungu bado umefunika migomba, na kaka yangu Eliamini, ndiye baba yako, alikuwa anachanganya mrututu, ile dawa ya buluu ya kahawa, na chokaa kwenye pipa nyuma ya nyumba. Alipoona madonge hayayeyuki, aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akayaponda kwa vidole. Mkono ukatoka wa buluu. Akajifuta kwenye suruali, akabeba pampu mgongoni, akaingia kwenye kahawa bila hata kitambaa puani.

Wewe hukuikuta ile kahawa ilipokuwa inapuliziwa. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unaozesha punje zingali changa, na bila mrututu hakuna aliyevuna kitu. Babu yako alipulizia miaka yote, akamwachia baba yako naye akapulizia. Sasa mrututu, ndani yake mna shaba. Inaua kuvu wanaoleta chulebuni, halafu mvua inaiosha, inashuka kwenye udongo na kubaki huko. Shaba haiozi kama jani.

Mimi nilikuwa kijana, nimeajiriwa karibuni kwenye maabara ya udongo huko Tanga, nimekuja likizo. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni sumu. Funga hata leso."

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Mimi nimeshazoea. Mwanzoni ilikuwa inanikaba kifua. Sasa hata siisikii."

Niliporudi kazini nilibeba udongo kwenye makopo mawili: mmoja wa chini ya kahawa, mwingine wa pale mama alipolima magimbi, ambapo mrututu haukuwahi kufika. Nilitaka tu kujua kama kuna chochote kinachoishi kwenye ule wa kahawa. Maana udongo una bakteria, mwanangu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, wengi kupita kiasi. Ndio wanaoozesha majani na samadi mpaka mmea upate chakula. Wakifa wote, shamba linabaki vumbi.

Mkuu wetu pale maabara alikuwa Mama Kalekwa, Mnyamwezi, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Aliniruhusu. Nikatengeneza chakula cha bakteria, kile kinachoganda kama jeli, nikakitia mrututu, nikakimimina kwenye visahani. Kimoja nikakipaka maji ya udongo wa kahawa, kingine maji ya udongo wa magimbi, nikafunika, nikangoja.

Nilipofunua sikuamini. Kisahani cha kahawa kilikuwa kimejaa vidoa vyeupe na vya manjano, kila kidoa ni ukoo mzima wa bakteria. Nikaenda nacho mbio mpaka mezani kwa Mama Kalekwa. "Mama, wako hai! Wameizoea shaba!"

Hakukitazama. Akasema, "Lete na kile kingine."

Nikakileta. Kile cha magimbi kilikuwa kitupu, kinang'aa, isipokuwa vidoa vichache pembeni.

"Hapa ulipaka bakteria wangapi?"

"Wengi, mama. Sawa na kule."

"Wako wapi?"

Nikainama kukitazama tena kile kitupu.

"Binti, usiniletee hilo neno kuzoea kama vile ni mtu aliyehamia mji mpya," akasema. "Hawa wamekufa. Hata huko shambani kwenu, siku ya kwanza mrututu ulipodondoka, walikufa hivihivi. Wakabaki wachache waliozaliwa na namna ya kuikwepa shaba. Hao ndio waliozaana. Wewe unawatazama vitukuu wa walionusurika, unasahau makaburi."

Halafu akanikalisha akanieleza, na sauti yake ikapoa. Wapo bakteria wenye vijipampu kwenye ngozi yao, shaba ikiingia wanaisukuma nje. Wapo wanaoikamata na kuifunga ndani isiwadhuru. Na uwezo huo umeandikwa ndani yao kama maelekezo, ambayo bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake hata kama si wa ukoo wake. Lakini kuendesha pampu mchana na usiku kunakula nguvu, kwa hiyo mara nyingi ukiwaweka kwenye udongo safi wanaachwa nyuma na wenzao. "Na shaba yenyewe," akamalizia, "haijaenda popote. Imesukumwa nje ya bakteria, ipo palepale shambani."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Nilichokuwa nakisikia kichwani ni kikohozi cha kaka.

Niliomba ruhusa. Nikavifunga visahani kwa utepe, nikavilaza kwenye kopo la biskuti, nikapanda basi mpaka Mkomazi, na kutoka hapo nikapata gari la kupanda mlimani. Niliwakuta wanakula makande. Nikasalimia, nikanawa, nikala nao kwanza. Ndipo nikaviweka mezani nikaeleza kila kimoja ni cha wapi.

Baba yako alikishika kile kilichojaa, akatabasamu. "Si unaona? Hawa ni wa shambani kwangu. Wako kama mimi."

"Hapana, kaka." Nikamsogezea kile kitupu. "Wewe uko humu. Hawa walikuwa wengi, na wachache waliobaki hawakubaki kwa sababu walijikaza. Walizaliwa hivyo. Wewe uko peke yako, huna pampu ya kusukuma mrututu kifuani. Unajuaje kama wewe ndiye kidoa, na si hii nafasi tupu?"

Mama yako, ambaye alikuwa na mimba yako, alikichukua kile kisahani akaenda nacho mlangoni penye mwanga. Alikitazama kwa muda.

"Walikuwa wengi kweli?" akauliza.

"Wengi, wifi. Kuliko watu wote wa Upare."

Akakirudisha mezani taratibu, akamgeukia mumewe. "Baba, kesho tunashuka hospitali."

Walishuka. Daktari alikuta mapafu yana makovu, akamwambia asiguse tena ile dawa. Kaka aliiuza pampu, akang'oa sehemu ya kahawa, akahamia kwenye tangawizi upande ambao haukuwa umepuliziwa. Lakini pumzi haikurudi yote. Wewe ulimjua akiwa mtu wa kusimama njiani mara kwa mara tukienda kanisani, akijifanya anatazama mashamba ya watu. Alikuwa anatafuta hewa. Hakukuambia, na mimi nilimstahi nikanyamaza.

Leo nasema, kwa sababu wiki iliyopita nilishuka Same nikapita uani kwako. Nilikuona unapasua betri za magari, unayeyusha ile risasi ya ndani yake kwenye sufuria, moshi unakupiga usoni, na mwanao Neema anacheza pale unapomwaga maji ya hizo betri. Nilipokuuliza, ukaniambia, "Shangazi, zamani kichwa kilikuwa kinauma. Siku hizi mwili umezoea."

Mwanangu, udongo wa uani kwako utapata namna. Bakteria watakufa, wachache watabaki, watazaana, maisha yao yataendelea. Wao wanaweza kulipa gharama hiyo. Wewe huwezi, na Neema hawezi kabisa, maana risasi inamharibu mtoto kichwa kabla hajaanza hata shule. Kichwa kutouma si dalili ya kupona. Basi acha kuyeyusha. Betri iuze nzima, hata kama faida ni ndogo. Nenda hospitali wewe na mtoto, waambie wazi kwamba umekuwa ukishika risasi, wawapime damu. Mpaka uani pasafishwe, Neema asicheze pale, na nguo zile za kazi usimbebe nazo mtoto. Na kijana mwenzako akikuambia amezoea, usimsifu. Mwulize wale walioanza naye wako wapi.

Mungu akupe kifua kizima, akuzeeshe ukiwa na pumzi ya kupanda mlima wetu bila kusimama, ukiwa umemshika Neema mkono.