Bibi na Halua ya Baba

Bibi yangu mzaa mama, Mwanakheir binti Pandu wa Makunduchi, alikuwa hamwamini mtu. Muuza samaki akimwambia samaki wa leo, Bibi atamfunua samaki mashavu mara mbili, kisha aulize: "Leo ya kwenu au ya kwetu?"

Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu, Bibi akanichukua. Baba yangu Usi, fundi cherehani wa Mlandege, akaoa mke mwingine. Mwaka wa hamsini na nne, mimi nimeshatimiza saba, akatutokea shamba na kikapu cha halua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Miaka minne hukumwona, leo ndiyo macho yamefunguka?"

Halua Bibi akawatupia kuku. Kuku hawakufa, lakini Bibi alisema sumu nyengine huchelewa.

Wiki haikupita, barua ya kadhi ikaja: baba ananidai. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani akamsomea, akamweleza: mama akifa, bibi mzaa mama ndiye mwenye haki ya kulea. Lakini mtoto akifika miaka saba huulizwa mwenyewe anamtaka nani, na neno lake ndilo litakalofuatwa.

Toka siku hiyo kila mgeni akawa jasusi wa baba. "Mize," Bibi akinambia asubuhi na jioni, "mtu wa mjini akikuuliza unakaa na nani, ziba mdomo. Ukimjibu tu, ushachukuliwa." Akinisomesha hivyo kama ninavyosomeshwa alifu chuoni. Nami nikashika. Loh, nilishika vizuri mno!

Siku ya kesi tukapanda gari mpaka mjini. Kadhi akaniuliza kwa upole, "Mize, unataka kukaa na nani?"

Nikaziba mdomo. Akauliza tena. Kimya. Baba akaanza kutabasamu. Bibi akanigeukia.

"Wamekupa nini, Mize?"

Neno hilo liliniuma kuliko bakora. Mimi! Ananishuku mimi! Nikaangua kilio: "Si wewe ulonikataza nisiwajibu watu wa mjini!" Nikamrukia, nikajizonga ndani ya buibui lake, na hakuna aliyeweza kunitoa.

Kadhi alicheka mpaka akavua miwani. Akahukumu nibaki kwa Bibi, baba aje kuniona kila Ijumaa, na asizuiwe kunipa zawadi. Bibi aliitika "naam" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Ijumaa baba akaja, na halua yake. Mate yakanijaa kinywani. Bibi akanizuia mkono, akakata kipande kikubwa, akala yeye kwanza mbele ya macho ya baba. Kisha akakaa kitako, anangoja.

"Bibi, na mimi."

"Subiri," akanambia. "Nkifa, wewe usile."