Tuliipa chai jina la nyanya yangu, akakataa kuinywa

Wakuu, salamu kutoka Kisii. Hii sikuhadithiwa, nilikuwa ndani mwenyewe, na chumvi siongezi.

Nyanya yangu Kemunto ndiye aliyenilea kule Nyaramba. Ana chai yake: majani ya Nyamira, mchaichai na tangawizi ya kuanika juani. Yeye anachanganya, mimi nafunga kwenye pakiti na kuuza soko la Daraja Mbili.

Ikahitaji jina. Nikaona nimheshimu mzee: CHAI YA KEMUNTO.

Mimi na jamaa wa kuchapa lebo tukabishana weee. Kemunto au Kimunto? Herufi kubwa au ndogo? Mwenye jina hatukumuuliza.

Kwa wasiotujua: kwetu mtoto hurithishwa jina la mtu wa ukoo aliyefariki. Nalijua hilo tangu utotoni, ila nilijiambia hii ni pakiti tu, si mtoto.

Nikampelekea ya kwanza, meno yote nje. Hasomi, kwa hivyo nikamsomea. Akaiweka chini.

"Jina yangu mmeshapeana? Na mimi bado natembea?"

Hakupiga kelele. Lakini chai hiyo hakuionja, na kuchanganya akaacha. Nilipoenda tena nikapewa uji badala ya chai, kama mgeni.

Wakuu, niliumia. Huyu ndiye mama ninayemjua. Biashara sikuiwaza kabisa. Sawa, niliiwaza kidogo.

Nikabandua lebo zote mbele yake, nikaomba msamaha. Nikamuuliza, sasa tuiite nani?

Akaishika pakiti moja isiyo na lebo.

"Iite Moraa. Yeye hakuna mtu aliwahi kuitwa jina yake."

Moraa alikuwa kifungua mimba wake, akafa akiwa mdogo. Majina yakazunguka kwa ukoo mzima, lake likarukwa. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kulisikia likitajwa pale nyumbani.

Nikauliza, tuandike Mora au Moraa?

"Usikate. Nilikuwa namuita nikivuta."

Basi, a mbili.

Nilichojifunza: jina lina mwenyewe, muulize kabla hujalichapa. Na huko kwenu mnarithishanaje majina? Hebu nielezeni, nitasoma zote hapa kibandani.

Wiki jana nyanya alinitembelea sokoni, akakaa kando yangu. Mteja akaja akauliza, "Moraa iko?"

Kabla sijafungua mdomo, nyanya akajibu.

"Iko, mama. Iko hapa."