Shemeji Yangu Hajui Kusimama

Mume wa dada yangu aliendesha basi la moja kwa moja tangu mimi sijaota ndevu. Basi lilitoka mjini kwetu asubuhi, likafuata barabara ya pwani mpaka mji wa mwisho, likashusha watu, likageuza. Njiani halikusimama ila kwa polisi, kwa pancha, na mara moja tu kwa abiria kuchimba dawa, wanaume kichaka hiki, wanawake kichaka kile, na asiyemaliza akimbie akifunga mkanda. Watu walimwita Chapuchapu. Jina hilo lilimkaa vizuri kuliko mashati anayonunuliwa na dada.

Nyumba zetu zimepakana ukuta, kwa hiyo simsingizii nikisema kwamba hata nyumbani yule bwana alikuwa safarini. Alikula kama mtu anayepigiwa honi nje. Alioga kama aliyemwagiwa maji kwa bahati mbaya. Msibani alitoa pole huku miguu imeshaelekea mlangoni. Siku ya arusi yao mpiga picha aliwaomba watulie, na katika picha zote dada anaonekana wazi kabisa, na kando yake kuna ukungu uliovaa tai.

Mwaka huu kampuni ikamstaafisha. Wakampa zawadi ya saa ya ukutani, kana kwamba alikuwa na upungufu wa saa.

Dada yeye ni mfuaji wa hospitali. Shuka za wodi zote hupita mikononi mwake, na mashine zenyewe moja nzima, nyingine inategemea imeamkaje. Akimaliza za hospitali anarudi kufua za kwake. Jioni moja, shemeji akiwa anazunguka sebuleni kama nzi aliyefungiwa, dada akasema, "Baba, nimepewa likizo. Nataka safari."

"Sema tu wapi."

"Barabara ya pwani. Kwa gari letu, polepole. Tukiona mahali pazuri tunasimama. Tukichoka tunalala nyumba ya wageni. Nataka kulala kwenye shuka alizofua mtu mwingine, niamke niziache zimekunjamana hivyo hivyo, niondoke bila hata kugeuka."

"Hiyo ndogo! Barabara ile naijua kama mfuko wa suruali yangu. Tunatoka saa kumi na moja..."

"Hatutoki saa yoyote. Tutatoka tukiwa tayari."

Shemeji akanitazama mimi, kana kwamba mkewe amesema tutasafiri bila magurudumu.

Kesho yake nilikuta kamba ya kuanikia nguo imefungwa sebuleni, kutoka kitasa cha dirisha mpaka msumari wa ile saa. Dada alikuwa anabana vibanio vya nguo juu yake, hapa kimoja, pale viwili. Akanieleza kwamba kamba ni barabara, na kila kibanio ni mahali ambapo huenda tukasimama. Chekundu ni mahali pa kuangalia. Cha kijani ni nyumba ya wageni.

"Na ukibadili mawazo?" nikauliza.

"Ndiyo faida ya kibanio, mdogo wangu. Kinahama."

Mimi nashona viti vya magari, na katika kazi yangu ukishapiga pini umepiga. Niliona ni akili nzuri sana. Shemeji alipoingia aliinama chini ya kamba, akavikagua vibanio kimoja kimoja kama trafiki anayekagua leseni. Usiku dada akalala. Asubuhi tukakuta vibanio vyote vimepangwa kwa nafasi sawasawa, na vya kijani vimebaki viwili, mwanzo wa kamba na mwisho wa kamba.

Dada hakugomba. Alivuta kiti akaanza kumhoji.

"Pale barabara inapopanda, bahari ikawa chini kabisa, pana nini?"

"Pana kona mbaya."

"Na baada ya kona?"

"Kona nyingine."

"Na bahari?"

"Bahari iko kushoto," akasema shemeji. Akafikiri kidogo asije akakosea. "Ukirudi iko kulia."

"Haya. Kile kijiji chenye mnara mweupe wa taa?"

"Matuta manne. La mwisho halijapakwa rangi."

"Na lile jabali kubwa lililoingia majini?"

"Ah, lile! Pazuri sana. Pale ndipo wanapochimba dawa wanaume."

Dada akasogeza kiti mbele. "Baba watoto, wewe umeipita pwani nzima tangu tuoane na hujaiona hata kipande."

"Nilikuwa kazini, Mama."

"Sasa kazini hupo. Nakwambia mbele ya shahidi. Ukinibeba kama kifurushi mpaka mwisho wa barabara bila kusimama, nashuka, narudi mwenyewe, nalala ninapotaka, na wewe utanisubiri nyumbani mpaka nijisikie kurudi."

"Shahidi nani?"

"Huyu hapa."

Nikasema, "Mm." Ndivyo nilivyojikuta kiti cha nyuma siku ya safari, nimekumbatia mito miwili na chupa ya chai. Shahidi hana pa kuegemea.

Tulitoka tukiwa tayari, yaani dada alikuwa tayari na shemeji alikuwa ameshakaa kwenye usukani tangu giza. Akapiga kila tairi teke. Akauliza, "Wote mmeshajisaidia?" Dada hakujibu. Mimi nilijibu, kwa sababu niliulizwa.

Barabara ilipoanza kupanda, dada akanyoosha kidole. "Hapo mbele tusimame."

"Tunasimama," akasema shemeji, na kweli alikusudia, nilimwona kwenye kioo. Tukapita. Kona mbaya, halafu kona nyingine.

"Baba."

"Kulikuwa na lori nyuma. Ningesimama lingetuvaa."

Niligeuka kutazama. Nyuma palikuwa na lami na kunguru. Nikanyamaza, maana shahidi husema akiulizwa.

Mbele tukafika ufukwe mweupe usio na mtu hata mmoja. Gari likapunguza mwendo. Dada akavua viatu kabisa, akavishika mkononi. Wakati huohuo kijigari kidogo kama sanduku kikatupita kikipiga honi ya kitoto. "Huyo!" akasema shemeji, na ule ufukwe ukaishia hapo. Tulikikamata kile kijigari kwenye tuta la kwanza la kijiji cha mnara. Mnara wenyewe niliuona kwenye kioo cha pembeni, tayari umekuwa mdogo kama njiti ya kiberiti.

Nyumba ya wageni ya kwanza, akasema inaonekana ina mbu. Ya pili, akasema tutaipitia wakati wa kurudi. Ya tatu hakusema kitu, kwa sababu alikuwa katikati ya hadithi ya abiria aliyepanda na mbuzi akiwa amemvalisha koti. Ilikuwa hadithi nzuri na shemeji alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona tangu astaafu. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Ni mguu tu. Ule mguu wa kulia ulikuwa umeajiriwa na kampuni na haukuwa umepata barua ya kustaafu.

Dada alivaa viatu vyake tena, taratibu, akifunga kila kifungo. Kuanzia hapo hakunyoosha kidole mahali popote.

Mchana tuliingia stendi ya mji wa mwisho. Shemeji akapita mabasi yote, akaegesha kigari chetu katikati ya mistari ileile aliyokuwa akiegesha basi, akazima injini, akavuta breki ya mkono na kusema kwa sauti kubwa, "Tumefika salama, asanteni kwa kusafiri nasi."

Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe.

Dada akachukua begi lake miguuni, akafungua mlango, akashuka.

"Mama, ngoja. Tunageuza sasa hivi, tunarudi polepole."

"Wewe geuza," akasema dada. "Kugeuza unajua."

Akavuka stendi bila haraka mpaka kwenye basi la kila kituo, lile linalosimama kwa yeyote aliyenyanyua mkono, hata kama alikuwa anafukuza inzi. Akapanda. Tukamwona akichagua kiti cha upande wa bahari, akafungua dirisha, akaweka kiwiko.

Shemeji alikuwa amekuwa mweupe midomo. "Anashukia wapi?"

"Sijui, shemeji."

"Tiketi yake imeandikwa wapi?"

"Alishasema. Anapotaka."

Hapo ndipo alipoelewa. Kama angetangulia, asingejua mkewe ameshukia wapi. Kama angesubiri, angempoteza. Barabara nzima ile yenye vijiji, vibanda na nyumba za wageni kushoto na kulia, na yeye hakujua jina la hata moja. Alikuwa na njia moja tu, kukaa nyuma ya lile basi.

Nimemwona shemeji akizika wazazi wake wawili, lakini sijamwona akiteseka kama alasiri ile. Basi lilitambaa. Lilisimama kwa mama mwenye gunia, kisha hatua chache mbele likasimama kwa mtoto aliyesahauliwa na yule mama. Lilisimama dereva anunue karanga. Lilisimama arudishiwe chenji ya karanga. Kila likisimama, shemeji alichomoza kichwa dirishani kuangalia nani anashuka, na mara nyingi alimwona dada amekaa, anatafuna, anaangalia maji. Wafanyakazi wenzake wa zamani walitupita na mabasi yao ya moja kwa moja wakipiga honi kwa heshima, na kila honi ilimwingia kama sindano.

Pale juu kwenye kona mbaya basi likasimama kabisa na injini ikazimwa. Dereva wake, jamaa mnene mwenye kofia ya sufi, akashuka na kutujia.

"Mzee Chapuchapu! Leo umekuwa mkia wangu?"

"Kuna nini? Limeharibika?"

"Hapana. Maji ya injini yapoe. Halafu hapa huwa napumzika, pana upepo. Karanga?"

"Mke wangu atashuka wapi?"

"Hata yeye hajui, mzee. Kaniambia nimshtue nikiona mahali pazuri. Nimeshamshtua mara tano anasema bado." Akacheka mpaka kofia ikahama.

Shemeji akatoka garini, maana kukaa ndani kulikuwa kunamuumiza. Akasogea mpaka kwenye mawe ya ukingo. Nami nikamfuata, asije akajitupa. Chini kabisa bahari ilikuwa imekwenda mpaka isipoonekana tena, rangi mbili, ya kijani karibu na ya buluu mbali, na katikati yake mstari kama mshono. Mawimbi yalipiga mwamba na sauti ilikuja baadaye, kama imechelewa kuambiwa.

Shemeji akasimama. Sijui kama niseme alishangaa au alikasirika.

"Hii ilikuwa hapa siku zote?"

"Kushoto," nikamwambia. "Ukirudi, kulia."

Akanitazama kwa jicho baya, kisha akala karanga moja. Dada alikuwa dirishani anatuona. Hakutabasamu, lakini alichukua muda kabla hajageuza uso.

Basi lilimshusha dada jua likiwa bado lina nguvu, mbele ya nyumba ndogo ya wageni yenye milango ya buluu, mgongo barabarani, uso majini. Dada akaingia moja kwa moja. Tulipofika mapokezi alikuwa ameegemea meza, na mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anatoa ufunguo.

"Na hawa?" mwenye nyumba akauliza.

"Siwajui," dada akasema. "Wamenifuata tangu stendi."

Yule mama akaweka ufunguo chini akachukua ufagio.

"Mimi ni mume wake!" akasema shemeji.

"Wote husema hivyo. Na huyu aliyebeba mito?"

"Shahidi," nikasema. Haikutusaidia.

"Dada yangu," yule mama akamwambia dada, "niwatoe?"

Dada akamgeukia mumewe. "Baba. Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Saa ilikuwa imemkaa shemeji kwenye ulimi, nadhani hata dakika zake. Akashika meza kwa mikono miwili kama usukani.

"Ukiamka," akasema.

"Na nikiamka mchana?"

"Basi... mchana."

"Na nikisema hatuondoki?"

Tulisubiri sote, hata ufagio.

"Nitakaa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo basi zima lisingeisikia.

"Chumba cha watu wawili," dada akamwambia mwenye nyumba, "na huyu wa mito mpe chochote chenye mlango."

Hatukuondoka kesho yake, wala keshokutwa. Shuka zilikuwa safi, dada alizikagua kwa kuzinusa, akasema mfuaji wa pale hasuuzi vizuri lakini hilo si shida yake. Shemeji alitembea ufukweni mwendo wa haraka, kwenda na kurudi, kisha siku ya pili kwa mwendo wa kawaida. Chakula bado alikimaliza wa kwanza. Usitegemee miujiza.

Wakati wa kurudi nyumbani ndipo alipotutia adabu. Alisimama kila mahali. Kwanza aligeuza gari, akaturudisha mpaka kwenye mnara na ufukwe mweupe, kisha akasimama kwenye vibanda vilivyofungwa, kwenye kivuli cha bango la sabuni. Kila mara aliwasha kiashirio mapema, akaegesha kwa ustadi, akazima injini na kugeuka kwa mkewe. "Hapa je, Mama? Pazuri?"

Mahali pa mwisho hapakuwa na bahari hata kidogo. Barabara ilikuwa imeshaingia bara. Palikuwa na bomba la maji linalovuja na mbuzi mmoja aliyekuwa analilamba. Shemeji akazima gari, akatungoja tuseme kitu. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Nilijua dada alikuwa na hamu ya nyumbani, miguu imemvimba, na kesho ana zamu. Lakini akafungua mlango, akashuka, akakaa kwenye jiwe, akamwangalia yule mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe akaona haya akaondoka.