Msimu ambao karani mkuu alikuwa straika wetu, na hatukushinda mechi hata moja

Wakuu, salamu kutoka ukingo wa mto Kongo. Nina miaka inayokaribia tisini na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo typo mtazivumilia.

Hii si chai. Nilikuwepo uwanjani, nimevaa jezi, na aibu ni yangu pia.

Naona vijana humu mnalia kwamba timu yenu imefungwa mechi tatu mfululizo. Poleni. Sisi tulifungwa msimu mzima.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Kisangani hii hii, enzi hizo Wabelgiji wakiiita Stanleyville. Mimi kwetu ni Isangi, familia ya wavuvi. Kapita mmoja, yaani msimamizi wa vibarua, wa ghala la mpunga, Tonton Saidi, mtu wa Maniema, alikuja kwetu kununua mpunga akaniona nacheza mpira. Mwezi uliofuata nilikuwa mjini, nafagia ghala.

Kwenye karatasi nilikuwa mfagiaji. Ukweli ni kwamba nililetwa kwa ajili ya miguu yangu.

Na kumbukeni, Mwafrika hakuishi mjini kwa kujisikia. Lazima uwe na karatasi ya mwajiri. Ukiikosa, polisi wanakupandisha boti, kwaheri. Donc mimi kuendelea kukaa mjini kulitegemea timu.

Sasa timu yenyewe.

Mkurugenzi wa kampuni yenye ghala, Mzungu asiyejua mpira, alimwagiza karani mkuu apange kikosi. Karani mkuu aliitwa Papa Anselme. Tai, miwani, kalamu mbili mfukoni. Sitamtukana, alikuwa mtu wa heshima kweli.

Papa Anselme akachukua orodha ya wafanyakazi, ile iliyopangwa kwa vyeo, akaigeuza kuwa timu. Makarani wakawa washambuliaji. Mpishi wa mkurugenzi na madereva wakawa viungo. Sisi wafagiaji na wabeba magunia tukawa mabeki.

Kipa alikuwa mlinzi wa geti, kwa maelezo kwamba ni kazi ile ile.

Ikaja habari ya jezi. Papa Anselme alitaka namba moja, kwa kuwa ndiye wa kwanza kwenye orodha. Tonton Saidi, aliyekuwa kocha, akamweleza kwa upole kwamba namba moja ni ya kipa. Akajibiwa kwamba kipa atafute nyingine. Basi tukaingia ligi na straika mwenye namba moja.

Msidhani kuna aliyecheka. Sisi wenyewe tuliona ni sawa! Kazini mfagiaji hamtangulii karani mlangoni, sasa uwanjani angemtanguliaje?

Hata kuomba pasi kulikuwa na utaratibu. Unasema, "Papa Anselme, pardon, mupira." Ukimaliza hiyo sentensi, beki wao ameshaondoka nao.

Mechi ya kwanza tulicheza na askari wa kambi. Sajini wao alikaa nje akivuta sigara, akawaacha vijana wake wacheze. Tulimcheka sana yule sajini. Mkubwa gani anakaa benchi? Walitufunga saba na bado tulikuwa tunamcheka.

Wakaja watu wa Yangambi, wale wa mashamba ya utafiti. Walishuka botini hoi, mmoja anatapika. Aliyekuwa anatapika ndiye aliyetufunga manne.

Kila baada ya mechi kulikuwa na kikao, na kila kikao Papa Anselme alisimama na kalamu yake.

"Mbele iko muzuri," anasema. "Shida iko nyuma. Bak wote watafika mbele ya jua kutoka, wakimbie."

Tulikimbia. Makarani walilala, maana wao hawakuwa na shida.

Msimu ukiwa unaelekea ukingoni, mkurugenzi akachoka kuchekwa na Wazungu wenzake. Akatangaza kwa barua: timu ikishika mkia inavunjwa, na wote walioletwa kwa ajili ya mpira wanarudi walikotoka. Papa Anselme alitusomea barua hiyo kwa sauti nzuri kabisa. Yeye hakuletwa kwa ajili ya mpira.

Usingizi uliniruka. Isangi si pabaya, ila nilishaonja mji. Nilikuwa najifunza kusoma jioni, na nilitaka niwe dereva. Bila karatasi ile, vyote vinakwisha.

Ilibaki mechi moja, dhidi ya vijana wa bandarini. Nao hawakuwa na pointi hata moja na walishafungwa magoli mengi kuliko sisi, kwa hiyo sare tu ilitutosha.

Wakatufunga moja mapema. Tukarudisha mipira mbele, mbele ikaipoteza kwa heshima zote. Dakika zikaenda.

Karibu na mwisho, hasira ikanipanda. Nikapata mpira nyuma na sikumpa mtu. Nilimpita mpishi, wa kwetu huyo! Nikampita Papa Anselme mwenyewe, bila pardon. Nikawapiga chenga wawili wa bandarini, wa tatu akanikata miguu ndani ya boksi.

Penalti.

Wakuu, uwanja ulilipuka. "Isangi! Isangi!" Ndivyo walivyoniita. Niliuchukua mpira nikaenda nao kwenye alama. Penalti nilikuwa sikosi, muulizeni yeyote aliyekuwepo, ingawa wengi wameshatangulia.

Nikaona mkono umenyooshwa mbele yangu. Papa Anselme.

"Leta, mutoto."

Nikamtazama Tonton Saidi pale pembeni. Alikuwa ametoa kofia, anaikunja mikononi. Na yeye alikuwa kapita tu.

"Papa," nikasema, "mimi nitatia. Niachie hii moja."

Hakukasirika. Ndilo lililonimaliza. Alitabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto. "Wapi uliona karani anaomba kitu mara mbili?"

Nikampa mpira.

Hakuninyang'anya, wakuu. Nilimpa, tena kwa mikono miwili.

Akafuta miwani. Akarudi nyuma hatua tatu tu, kwa sababu kukimbia sana ni mambo ya vibarua. Akapiga. Mpira ukatembea taratibu hadi mikononi mwa kipa, na nadhani kipa alishtuka kuliko sisi.

"Mupira haikukuwa na pumzi," akasema, akaenda zake katikati.

Jumatatu tulipewa barua za kuondoka. Aliyezichapa na kuzigawa ni Papa Anselme, maana ndiyo kazi yake. Alipofika kwenye yangu akanishika bega, na naamini hadi leo alimaanisha wema.

"Wewe nimekuandikia muzuri. Nimetia hapa, uko mutiifu sana."

Nikamjibu, "Merci, Papa Anselme."

Botini nilikuwa na ile barua mfukoni, mto mzima hadi Isangi. Penalti ilishaacha kuniuma kabla hata hatujafika Yanonge. Ile merci ndiyo inaniuma mpaka leo. Nilimshukuru, na niliposhukuru nilikuwa nashukuru kweli. Mji niliurudia baada ya uhuru, miguu ikiwa imeshapoa.

Nilichojifunza ni hiki: Papa Anselme hakuifungisha timu peke yake. Tulikuwa kumi tuliomsogezea mpira kila Jumapili tukijua utakokwenda, na tulijiita watu wenye adabu.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kukabidhi mpira wenu kwa sababu mkubwa amenyoosha mkono, leteni hapa chini, nitasoma zote polepole. Na wewe unayetaka kuandika "ningekuwa mimi ningepiga," andika tu, sitakubishia. Hata mimi nilijua ningepiga, hadi nilipouona ule mkono.