Magoti ya Gari ya Baba

Enzi zetu pale Baraka, kando ya ziwa, sisi watoto wa vita tulitambua gari kwa mlio kabla hatujajua kusoma. Jeep ya Baba, iliyomzidi yeye mwenyewe umri, ililia kama kapu la sahani ikitoka Kazimia na samaki. Tuliacha mchezo, tukaikimbilia, maana Baba hakukosa kipande cha muhogo wa kuchoma mfukoni.

Kelele ile ilitoka kwenye magoti. Ndivyo Baba alivyoziita sehemu nane ambapo bodi hukalia shasi, fremu ya chini ya gari. Mvua na maji ya samaki wa chumvi viliyala yote. Umeme wa kuchomelea haukuwepo, kwa hiyo Baba aliinua bodi kwa magogo, akagonga kutu mpaka akafikia chuma kizima, akakata viraka kwenye pipa la mafuta na kuvifunga kwa riveti alizopasha moto kwenye makaa ya Mama.

“Sombe yangu itaiva na nini, Papa?” Mama alimnung'unikia Baba, huku akipepea moto wa mboga yake ya majani ya muhogo.

Juu ya kila goti kulikaa kisahani cha mpira kilichokatwa kwenye tairi, kisha buloni, yaani bolti, ikabana vyote.

Halafu wenye silaha wakaanza kuchukua magari. La jirani walilipeleka Misisi, halikurudi. Letu ndilo lililobaki la kupeleka wajawazito hospitali. Ili lisiendeke, Baba aling'oa buloni zote nane, Mama akazificha ndani ya kapu la ndagala, wale dagaa wakavu. Sisi tulifundishwa sentensi moja ya kuwaambia wakija: “Gari iko mugonjwa ya magoti.” Niliirudia kitandani na njiani kwenda shule, nikiogopa kuikosea.

Wenye silaha walikuja asubuhi moja. Kamanda wao alitukuta na vigari vyetu vya makopo. Magurudumu ya vigari hivyo yalikuwa visahani vya mpira vya Baba, tulivyoviiba.

“Hii mipira mipya ni ya nini?”

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. “Ya magoti,” nikasema. “Gari ilikuwa mugonjwa, lakini Baba amemaliza kuiponyesha.”

Jicho la Baba liliniambia nimeikosea ile sentensi. Afadhali angenipiga.

Mama akatoka, akaweka chini lile kapu la ndagala, akalikalia. “Haina buloni hata moja. Munaitaka? Muibebe ku mabega!”

Mmoja wao aliisukuma bodi. Ikateleza kwa mlio mkali, ikaning'inia upande.

“Buloni iko wapi?”

“Nilikula,” Mama akajibu.

Walipekua nyumba nzima isipokuwa kile kiti cha Mama. Wakaondoka na betri na kuku wawili. Gari likabaki.

“We mwalimu wa ukweli,” Baba akaniambia, “leta mipira yangu.”

Leo Baba hayupo, na jeep imelala nyuma ya nyumba. Mashine za kuchomelea ziko kila kona, lakini vijana wa sasa gari likikohoa kidogo wanasema, “Tafuta ingine.” Mdogo wangu ameshapata mnunuzi wa chuma chakavu; anakuja kesho. Nina diploma bila kazi, na nimejiuliza mara mia kama nina haki ya kukataa. Lakini jana nilimaliza kutengeneza goti la tano, mikono yote kutu, na sentensi ya Mama ya kumjibu mnunuzi ninayo. Safari hii sitaikosea.

Anaitaka? Aibebe ku mabega.