Kapu Moja Hadi Kisumu

Jana lori la majani chai lilinipita barabarani, na harufu ya yale majani mabichi ikanijaa puani hata nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka asubuhi moja ya utotoni, mama alipokuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Nairobi kwenda Kisumu. Kwa basi ni safari ya siku nzima. Kwa ndege, alituambia kwa simu, ni dakika hamsini tu, na angepita juu ya shamba letu.

"Dakika hamsini ni kapu moja," alisema nyanya, ambaye tulimwita Kogo. Muda wote aliupima kwa kapu la majani. Saa nne kamili, mama alipopaa, akaanza kapu jipya. Likijaa tungelipeleka kituoni kupimwa, chini ya paa la mabati, nami ningekosa kuiona ndege ya mama.

Vidole vya Kogo viliruka juu ya michai. Mbingu ilikuwa tupu, kapu linakaribia kujaa. Nikaanza kuchomoa majani kapuni na kuyaficha miguuni pangu.

"Kogo, chuma polepole!"

"Niache, mvivu wewe! Na hili kapu limetoboka ama?"

Ndipo tukasikia ngurumo. Kogo akatazama juu, akaiona ndege. Akatazama chini, akaliona lundo langu. Nikafumba macho kungoja kofi.

Nikasikia majani yakimwagika. Alikuwa amelipindua kapu zima. Akaninyanyua, akanisimamisha juu ya kapu hilo.

"Punga mkono haraka! Mama yako hangoji mtu!"