Tuta la Ndago Nyuma ya Nyumba ya Balozi

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mtoto wetu wa kwanza alikataa uji. Wa ulezi alitema, wa mahindi alitema. Alichokubali ni tui la ndago tu. Nilizitwanga, nikazikamua kwa kitambaa safi, nikachanganya na uji, naye akanywa mpaka akalamba kijiko.

Ndago zenyewe nilizitoa shamba la kijiji. Kule zilikuwa magugu. Tulizing'oa mgongo ukiuma, tukazitupa mpakani zikauke. Mimi nilichuma vile viazi vidogo vya mizizini, nikavifunga kwenye pindo la khanga. Mume wangu, balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyenilimia tuta nyuma ya nyumba. Hata mahali alichagua mwenyewe, karibu na bafu, penye unyevu. Na kila jioni alidai kikombe chake cha tui.

Siku moja bwana shamba akaja kukagua bustani za nyumbani, akaliona tuta. Akaita watu palepale.

"Balozi, kwako mnapanda ndago? Si ndizo hizi zinazorudi shamba la kijiji?"

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa na hakika atasema ni chakula cha mtoto.

"Hata mimi nashangaa, bwana," akasema. "Wanawake hawa! Sikujua kabisa."

Hakuniangalia. Jembe alilolimia tuta lile lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake. Kikulacho ki nguoni mwako: nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni, siku ile nikauelewa. Nikaamriwa kung'oa, nikang'oa mbele ya majirani, mtoto mgongoni. Aibu niliiona, lakini hasira iliizidi.

Jioni mtoto alitema uji. Mume wangu akavuta kigoda, sauti imelainika.

"Mama mtoto, lile tui halikubaki hata kidogo?"

"Tui gani, baba?"

"La ndago."

"Kumbe tulikuwa na ndago? Sikujua kabisa."

Akainuka, akarudisha kigoda. Ndago ukivuta majani, viazi hubaki ardhini, na mimi nilikuwa nimevuta majani tu. Kesho yake, alipokwenda shamba la kijiji, nilichimba nikatwanga, mtoto akanywa. Kikombe cha baba yake nilikifunika kichanjani, na kwa tui la ndago sikukifunua tena.